Kikombe cha Nane

Msumari ulikuwa umeiva mwekundu, na mama alikuwa anautumia kuchora alama kwenye vikombe vipya vya plastiki, maana alikuwa amechoka na kesi za kila jioni za nani kanywea kikombe cha nani. Mstari mmoja wa mtoto wa kwanza, ambaye hata majirani walimwita Mkubwa. Miwili ya binti wa kati, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mitatu ya kitinda mimba, Kibogoyo, aliyeng'oka meno mawili ya mbele na kujiona ametoka vitani. Cha baba watoto alikitia nukta. Yeye mwenyewe hakujichorea. Alinywea chochote kilichobaki.

Alikuwa kwenye mstari wa pili wa Chiriku mlango wa karakana ulipofunguka, mumewe akatoka ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Fungu la mia mbili na kumi na nne ni letu, mke wangu," akasema.

Mkono wa mama ulishtuka, msumari ukazama, na kikombe cha Chiriku kikatoboka.

Mumewe alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa ndiyo karakana yake, na dirisha lake lilitazama barabarani. Tangu watu wazoee kuangalia saa kwenye simu, kazi ilikuwa imepungua hadi akageukia vitu vya kale vya kijeshi: saa za marubani, dira, filimbi, medali, vifungo vya makoti ya watu waliokwisha kufa. Alivinunua kwenye nyumba za minada, mara nyingi bila kuviona ila kwenye picha, akavitengeneza mitambo bila kugusa uchafu wa nje, kwa sababu wakusanyaji wananunua uchafu huohuo wa miaka, kisha akawauzia. Mtaani walimwita Jenerali, na vita pekee alivyowahi kupigana vilikuwa na panya wa darini.

Akamwonyesha simu. Mnada ulikuwa bado unaendelea, lakini alirudisha picha nyuma ili mkewe ashuhudie ushindi. Mama hakuwa mtu wa biashara hiyo, ila alikuwa ameketi kando ya mumewe minada mingi huku anamenya vitunguu, akajua mambo yanavyokwenda. Fungu likitajwa, watu hukohoa, hunong'onezana, huinua vibao vyao vya namba, na mnadi huwabembeleza kama mama anayelisha mtoto mkaidi. Hapa ukumbi mzima ulikuwa unatazama viatu vyake. Dau lilikuwa moja tu, la mumewe. Mnadi hakubembeleza mtu. Alihesabu moja mbili tatu kwa pumzi moja, akagonga nyundo kama anayeua mende, halafu akafuta kiganja kwenye koti.

"Wengine walikuwa wapi?" mama akauliza.

"Wamelala. Leo Jenerali amewavamia usingizini."

Alicheka peke yake. Mama alikuwa anatazama ule mwanga mdogo uliopita kwenye tundu la kikombe.

Mzigo ulifika siku ya nne. Lilikuwa sanduku la mbao nzito lenye pembe za shaba, la sajini wa zamani, kwa mujibu wa katalogi. Ndani mlikuwa na filimbi ya shaba, daftari la kuitia majina ya askari lililoliwa na wadudu hadi likabaki uti na ukurasa mmoja mweupe, na vikombe saba vya bati vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Kifuniko kilipoinuliwa ikatoka harufu ya mafuta ya bunduki na blanketi la sufu lililolowa, na Kibogoyo akauliza nani kanyeshewa. Jua lilikuwa linawaka tangu asubuhi.

Mama aliligeuza sanduku kutafuta dalili za mchwa. Chini yake alikuta karatasi za nyumba za minada, zimebandikwa moja juu ya nyingine kama magamba. Mumewe alieleza kwa fahari kwamba kila nyumba inayouza kitu hubandika lebo yake, na kitu chenye lebo nyingi ni kitu chenye historia.

"Au ni kitu ambacho kila mtu kakirudisha," mama akasema.

Akaambiwa ana mdomo wa polisi, na mambo yakaishia hapo.

Jioni ile kila mtu alitaka kitu kwa wakati mmoja. Mkubwa alitafuta soksi, Kibogoyo alikuwa amejifungia chooni, na Chiriku alilalamika bila kituo kwamba kikombe chake kinavuja, kwamba yeye ndiye anayeonewa siku zote, kwamba ataandika barua serikalini. Mama akanyoosha mkono kwenye meza ya karakana, akachukua kikombe cha bati cha juu kabisa, akakisugua kwa sabuni, akakijaza maji. Kikombe ni kikombe. Mumewe alipoona akashika kichwa, akaomboleza juu ya uchafu wa miaka themanini uliokwenda na sabuni ya kipande. Lingine halikumjia akilini.

Chiriku alikunywa, akakunja uso, akasema maji yana ladha ya sarafu, akamaliza. Kisha akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni.

"Nipo," akasema.

Mama alimuuliza nani kamwita.

"Si umeniita wewe?"

Hakuwa amemwita. Ila kabla ya mtoto kujibu, nje, au labda si nje, ilikuwa imelia filimbi fupi, nyembamba, ya mtu asiyetaka kuamsha wengine.

Tangu hapo ililia kila jioni, taa zinapowashwa. Mwanzoni mama alimshuku mlinzi wa ghala la jirani, akaenda kumuuliza, akajibiwa kwamba yeye filimbi hana, hata tochi alijinunulia. Akamshuku Mkubwa kwamba anachezea vitu vya baba yake, akampekua, akakuta pipi tu. Sanduku lenyewe lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mumewe, kwa sababu alikuwa bado hajapata mnunuzi.

Asubuhi blanketi la Chiriku lilikutwa limekunjwa mraba, pembe zimekaa sawa kama zimepimwa kwa rula. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiacha kitanda kama kiota cha kunguru. Mama hakufurahi, maana anajua kilicho chake, na mkunjo ule haukuwa wake. Wiki ya pili mwalimu alituma ujumbe kwamba binti siku hizi hachezi, wakati wa mapumziko anasimama ukutani na mikono ubavuni hadi kengele ilie. Wiki hiyohiyo, akimwogesha, mama alikuta visigino vyake vina malengelenge, mengine yamepasuka, na katikati ya vidole kuna vumbi jekundu ambalo halikuwepo popote katika mtaa ule wa lami.

Akamuuliza taratibu anakwenda wapi.

"Siendi. Tunapelekwa," Chiriku akasema. Alisema hayo tu, yeye ambaye zamani angeeleza na rangi ya mawe ya njiani.

Mama alianza kuwachunguza wote. Alimtazama mumewe akila na kujiuliza anajua nini asichosema. Aliwatazama wateja waliosimama dirishani. Alilala kitanda kimoja na binti yake, mkono umemzunguka kiunoni, akaamka mtoto yuko palepale na malengelenge ni mapya.

Mchana mmoja watoto wakiwa shuleni na mumewe kaenda kununua vipuri, alikuwa anapiga pasi sare sebuleni. Nyumba ilikuwa kimya. Alisikia hatua za kwanza akadhani ni jirani wa pili, akaendelea na kola, lakini hatua hazikuwa za jirani kwa sababu zilikuwa nyingi na zilikuwa moja, zikipiga sakafu ya korido kwa pamoja, kushoto, kulia, kushoto, bila haraka, na pamoja nazo ikaja harufu ile ya sufu mbichi na mafuta, ikazidi moshi wa pasi, ikamfika kooni, na alipogeuka akaona korido ni tupu ila mikeka iliyotandikwa humo ilikuwa inabonyea na kuinuka, inabonyea na kuinuka, safu nzima ikimjia, ikampita karibu hata upepo wa nguo zao ukamgusa shavuni, ikaingia karakana ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa na ukabaki umefungwa, na ndani yake sauti ya mtu mmoja ikaanza kuhesabu kwa utulivu, kama mtu anayehesabu mayai, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, ikanyamaza kidogo kama inayotafuta kitu mfukoni, kisha ikasema, nane.

Pasi iliichoma sare ya Mkubwa begani.

Mumewe aliporudi, mama alimvua ufunguo shingoni bila kuomba. Alifungua sanduku mbele yake, akavipanga vikombe mezani kimoja kimoja. Walihesabu pamoja, kisha mumewe akahesabu peke yake, kisha akakaa chini. Vilikuwa vinane. Kile cha nane kilikuwa cha zamani kama wenzake, bati limechakaa vilevile, na ubavuni kilikuwa na mistari miwili iliyochorwa kwa msumari, wa pili umezama kuliko wa kwanza, kama mkono wa mchoraji ulishtuka.

"Niambie unachokijua," mama akasema.

Hakupaza sauti. Mumewe alimjua vya kutosha kuogopa zaidi kwa hilo. Akatoa katalogi zake za minada ya nyuma, maana hakuwahi kutupa hata moja, na wakaloweka lebo za chini ya sanduku kwa kitambaa cha maji ya moto, wakazibandua, wakafuata tarehe. Lebo zilikuwa tano. Katika mnada wa kwanza sanduku liliandikwa kuwa na vikombe vitatu. Wa pili vinne. Wa tatu vitano. Wa nne sita. Wa tano, wa kwao, saba.

Ndipo mumewe alipokiri kwamba ile katalogi ya vikombe sita aliiona kabla ya kutoa dau. Alidhani mwenye mali kaongeza kikombe cha kuokota ili bei ipande. Katika biashara yao hiyo inaitwa seti ya kuungaunga, na hakuna dhambi kubwa zaidi yake. Mkusanyaji akisikia neno hilo hukimbia hata kama kitu ni cha dhahabu. Aliogopa kununua seti ya kuungaunga. Zaidi ya hapo hakufikiri, na alikula kiapo kwamba hakufikiri.

Mama alikuwa anavigeuza vikombe kwenye mwanga. Vitatu vya kwanza vilipigwa namba kwa muhuri wa chuma. Vilivyofuata havikuwa na namba. Kimoja kilikuwa na nyota iliyokwenda upande, kimoja msalaba mdogo, kimoja kipande cha uzi mwekundu kwenye mpini, kimoja tone la rangi ya kucha.

"Hizi si alama za jeshi," akasema. "Hizi ni za jikoni. Kuna mama kakaa na kila kimoja akakitia alama ili watoto wasigombane."

Asubuhi yake alikwenda kumchukua wifi yake. Wifi, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa muuguzi wa zamu za usiku miaka thelathini, na tangu astaafu watu walimletea wagonjwa ambao hospitali iliwarudisha bila jina la ugonjwa. Ndugu yake alimcheka kwa hilo, naye alimcheka ndugu yake kwa kununua vyuma vya marehemu, na hivyo walikuwa hawajaonana muda. Njiani alisikiliza yote, akasema neno moja tu, kwamba tangu utotoni mdogo wake huyo hakuwahi kuokota kitu kisafi.

Walipofika, meza ya karakana ilikuwa tupu. Mume alisimama katikati ya chumba na uso wa mtu aliyefanya jambo la maana. Alikuwa amelipeleka sanduku alfajiri, kwa gari la kukodi, kwenye nyumba ya mnada ya hapohapo mjini. Walikuwa na nafasi moja katika mnada wa leo mchana, kwa kuwa fungu moja lilikuwa limeondolewa. Kwenye fomu aliandika vikombe saba, kwa sababu mkono ulikataa kuandika vinane.

"Nimelitoa nyumbani," akasema. "Jioni litakuwa la mtu mwingine."

Wifi alikuwa anamtazama Chiriku, ambaye hakuwa amekwenda shule. Alisimama nyuma ya mlango wa mbele, uso umeelekea barabarani. Begi la shule lilikuwa mgongoni, na juu yake kulikuwa na blanketi lililokunjwa mraba na kufungwa kamba.

Wifi alichuchumaa mbele yake, akamshika kifundo cha mkono kama anayepima mapigo, akanong'ona, "Mwanangu, safari ya wapi?"

"Sijui, shangazi. Nyundo ikilia tunaondoka."

"Nani na nani?"

"Sisi nane."

Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya mtoto wa miaka tisa, na hilo ndilo lililomfanya mama ashike kizingiti.

Wifi aliwavuta pembeni, akaeleza kwa sauti ya chini, kama aliye ndani ya wadi ya hospitali. Sajini mwenyewe alikwisha kuoza zamani. Kilichobaki ni jini aliyekaa naye, na jini yule alijifunza kazi moja tu duniani, kuhesabu safu na kuijaza. Huyo hasikii moshi wala maji ya kunyunyiza. Anasikia amri. Anayenywea kikombe chake ameandikishwa, na maadamu sanduku liko nyumbani, na askari wake yuko nyumbani. Anayeliuza ndiye anayemwachia askari huyo aondoke. Wazazi wanne waliuza sanduku wakidhani wanaokoa watoto wao.

Mume alikwishaanza kupiga simu. Binti wa mapokezi alimjibu kwa adabu sana kwamba orodha imefungwa, fungu halitolewi, na amkumbushe kwamba kwenye fomu aliweka sahihi: mwenye mali haruhusiwi kutoa dau kwenye mali yake, wala mtu yeyote anayeishi nyumbani kwake.

"Mimi siishi hapa," wifi akasema, akachukua mkoba.

Ndani ya teksi mama aliuliza swali lake, moja tu: mtoto anatokaje kwenye safu. Wifi alimwegemeza Chiriku begani kwake.

"Katika zamu za hospitali kuna kosa moja halisamehewi," akasema. "Kuacha zamu kabla hujapokewa. Kwa hiyo hatoroki mtu. Anapokewa. Mtu mwingine anywee kikombe chenye alama yake, na jina likiitwa aseme zamu ni yake." Akamtazama mama. "Na aliyepokea anabaki. Simjui wa kumpokea yeye."

"Nimeelewa."

"Wifi."

"Nimesema nimeelewa. Nishikie mtoto."

Katika nyumba ya mnada, kabla ya mauzo, vitu huwekwa kwenye meza ndefu ili wanunuzi wavikague kwa mikono yao. Watu walikuwa wanapita polepole, wanainua, wanapuliza vumbi, wanavaa na kuvua miwani. Sanduku lilikuwa mwisho wa meza na hakuna aliyelikaribia ila mzee mmoja mwenye kofia, ambaye lensi yake ilikuwa imebana jichoni na uso wake ulikuwa umeanza kulainika kama wa mtu anayependa. Mhudumu mwenye glavu nyeupe alikuwa akivitazama vikombe kwa kununa, midomo ikihesabu.

Mama aliomba kukagua kile cha juu, chenye mistari miwili. Akatoa chupa ya maji mfukoni mwa gauni, akakijaza, akanywa yote, pale pale, mbele ya watu. Maji yalikuwa na ladha ya sarafu.

Mhudumu alimuuliza anafanya nini.

"Nilitaka kujua kama kinavuja," mama akasema, akakirudisha mahali pake.

Fungu lao lilipotajwa, mzee wa kofia aliinua kibao kabla mnadi hajamaliza kusoma. Wifi akainua chake. Mzee akapandisha. Wifi akapandisha. Mume alikuwa nje kwenye ngazi, amekatazwa, akiwachungulia kupitia kioo cha mlango. Chiriku alikuwa amekaa katikati ya mama na shangazi yake, begi mgongoni, na visigino vyake vilikuwa vimeanza kupiga sakafu, kushoto, kulia.

Mzee akapandisha tena. Wifi alitazama sura ya mzee akaona kwamba yule ataendelea hadi jioni. Basi akasimama, mwanamke mnene mwenye viatu vya uuguzi, akasema kwa sauti iliyozoea kuamsha wadi nzima:

"Samahani, bwana mnadi. Katalogi inasema saba. Mezani naona vinane. Hiyo seti imeungwaungwa?"

Ukumbi mzima uliguna. Mzee alikishusha kibao kama kimemchoma, akaivua lensi, akamtazama mhudumu kwa macho ya mtu aliyekuwa karibu kuibiwa. Mnadi alilowa jasho. Alisema mali inauzwa kama ilivyo, akauliza kama kuna mwingine, akatazama huku na huku bila tumaini, kisha akaanza kuhesabu.

Akasema mara ya kwanza, na mama akasikia filimbi, si nje sasa bali ndani kabisa ya sikio, na harufu ya sufu mbichi ikamjaa kifuani hata akawa anapumua kwa kuiba, na chini ya sauti ya mnadi ikapita ile sauti nyingine ya utulivu, ikiita alama na si majina, namba tatu za kale, kisha nyota, kisha msalaba, kisha uzi, kisha tone la rangi, na kwa kila alama kitu kikajibu nyuma ya viti, vitu vidogo, sauti za watoto waliochoka kutembea, nipo, nipo, nipo, nipo, na mnadi akasema mara ya pili, na sauti ikaita mistari miwili, na Chiriku akasimama wima, akafungua mdomo, na mama akauziba mdomo ule kwa kiganja.

"Nimempokea," akanong'ona. "Zamu ni yangu. Nipo."

Nyundo ikalia.

Fungu lilikuwa la wifi. Visigino vilikuwa vimetulia. Chini ya kiganja chake mama alihisi kitu chenye joto kinatapatapa, akaondoa mkono, na mdomo ukatoka na kila kilichokuwa kimezuiliwa wiki tatu: kwamba ana njaa, kwamba mkono wa mama unanuka sabuni, kwamba kwa nini wamemvalisha begi, kwamba yule babu mwenye kofia anafanana na kobe, kwamba miguu inamuuma na atabebwa na nani. Mama alimsikiliza hadi nje. Hakusikia maneno, alisikia mdomo tu.

Kwenye ngazi wifi alimkabidhi sanduku mikononi.

"Sikuuzii," akasema. "Nakupa. Zawadi si mauzo; likikaa kwako, nawe unabaki kwako. Na huyu ndugu yangu akiliuza tena, mzike kwanza yeye."

Mume alilibeba hadi garini, akiliweka mbali na kifua chake.

Nyumbani mama alilisukuma sanduku chini ya kitanda chake, upande wa ukutani. Kabla ya kulifunga alikitazama kile kikombe cha juu. Mistari miwili haikuwepo. Bati lilikuwa tupu, halina alama yoyote. Alikaa nacho magotini kidogo, akafikiri juu ya nyota, na msalaba, na uzi, na tone la rangi ya kucha, na kina mama wanne ambao hawakuwa na wa kuwaambia. Kisha akafunga, kwa sababu maharagwe yalikuwa jikoni na yalikuwa yameanza kushika sufuria.

Alipakua wali, akapakua maharagwe, akagawa vikombe. Cha Chiriku kilikuwa kipya, mistari miwili iliyonyooka. Aliwahesabu kama alivyowahesabu kila jioni, akiwa amesimama na mwiko.

"Mkubwa."

"Nipo."

"Chiriku."

"Nipo, na nimepewa nyama ndogo kuliko Kibogoyo, na nitaandika barua."

"Hakuna nyama leo. Kibogoyo."

"Nipo."

Baba watoto alisema yupo kabla hajaitwa, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Wote walikuwapo. Mama akawasha taa, akajivutia kiti, akavua viatu chini ya meza taratibu, maana visigino vilikuwa vimeanza kuwaka. Wifi, ambaye alikuwa amebaki kula, alimtazama, akaacha kutafuna.

Filimbi ililia chumbani, fupi, nyembamba. Watoto waliendelea kula. Kibogoyo alikuwa anamwonyesha Chiriku jino jipya.

Mama aliweka mwiko chini, mikono ikanyooka ubavuni.

"Nipo," akasema, polepole, kwa mtu asiyekuwa mezani.

Mumewe akainua uso kuuliza anajibu nani.

"Kula," akamwambia. "Chakula kinapoa."